Kava la Mvua Limetudanganya

Kamati ya safari imeshabandika orodha ya vifaa vya mwaka huu pale ubaoni, na kitu cha nne kwenye orodha ni kilekile cha mwaka jana: "Kava la mvua la begi, LAZIMA." Hakuna mstari mwingine unaozungumzia maji. Mwaka jana mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusimamia wenzangu kufungasha, na niliisimamia orodha hiyo kama msahafu. Kwa hiyo kabla hamjakata hela ya bumu kwenda kununua kava, naomba mnisikilize kidogo.

Tulipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, mwezi Desemba, msimu ule ambao vijana wengi wa Kitanzania hupanda kukumbuka Mwenge wa Uhuru uliopandishwa kileleni na Luteni Alexander Nyirenda mwaka 1961. Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa bado hazijaisha. Na siku ya kwanza yote, kutoka langoni hadi vibanda vya Mandara, unatembea ndani ya msitu. Ni msitu wa mvua, miti ina ndevu za kuvu, na hata mvua ikikatika juu, majani yanaendelea kukudondoshea. Sisi mvua ilitukuta hatujamaliza hata saa moja ya safari, ikatusindikiza mpaka tulipofika.

Hatukuwa na wasiwasi. Tulikuwa 14, na kila begi la mgongoni lilikuwa na kava lake. Ya bluu, ya kijani, ya rangi ya chungwa. Kwenye picha tumependeza kweli.

Tulipofika Mandara, kwenye mita 2,720, tukavua makava na kuanza kufungua mabegi. Dada mmoja wa mwaka wa pili alivuta begi lake la kulalia, likatoka linachuruzika kama dekio. Fulana ya kulalia imelowa. Sweta la pamba limelowa. Soksi za akiba, ambazo alikuwa amezikunja vizuri kwenye kona ya chini, ndizo zilikuwa zimezama kabisa. Chini ya begi maji yalikuwa yamesimama, na kava lenyewe lilikuwa limeyashika kama bakuli.

Usiku ule tulimpa tulichokuwa nacho: huyu shuka, yule jaketi. Lakini watu wenyewe tulikuwa tumebeba vya kututosha tu. Alitetemeka mpaka alfajiri. Asubuhi mwongozaji wetu alimtazama anavyotembea, akamuuliza maswali mawili matatu, akasikia anavyojibu kwa kuburuza maneno, akasema huyu haendi Horombo. Akashuka na mwongozaji msaidizi. Alikuwa amejibana tangu mwaka wa kwanza kwa ajili ya safari ile.

Jioni ile kuna mwenzetu alisema, "Alifungasha vibaya." Nilinyamaza. Sasa nasema, kwa sababu inabidi. Siku mbili kabla ya safari, pale hosteli, yule dada aliniuliza, "Kaka, hivi hili kava linatosha, au niweke na nailoni ndani?" Nikamjibu, "Linatosha. Nailoni ya nini, unaenda gulioni?" Watu wakacheka. Naye akacheka, akaitoa nailoni yake, akaiacha juu ya kitanda.

Hakufungasha vibaya. Alifungasha nilivyomwambia.

Tangu tuliporudi nimekuwa nikijiuliza maji yalipita wapi, maana kava lenyewe halikuwa na tundu. Nimelijaribu bombani. Jibu ni rahisi mpaka linaudhi. Kava linafunika mbele, pembeni na juu ya begi. Upande unaogusa mgongo wako liko wazi, na lazima liwe wazi, la sivyo mikanda ya mabegani itatokea wapi? Mvua inapopiga kichwani na shingoni, inateremka kwenye mgongo, inaingia kati yako na begi. Hapo inakutana na kitambaa laini cha sponji, kilekile kilichowekwa ili mgongo usiumie, na sponji kazi yake unaijua. Halafu kuna mishono. Hata kama kitambaa cha begi hakipitishi maji, sindano imekitoboa mara elfu moja kuunganisha mikanda. Halafu kuna zipu. Maji yote hayo yakishaingia yanashuka chini ya begi, na chini kuna nani anayasubiri? Kava. Lile lililotakiwa kuyazuia yasiingie, sasa linayazuia yasitoke.

Ongeza na haya mengine ambayo ni ya kwetu wenyewe. Ukivua koti la mvua lililolowa ukalisokomeza ndani ya begi, umeingiza mvua kwa mkono wako. Ukifungua begi katikati ya mvua kutafuta biskuti, nayo inaingia. Kava haliwezi kukusaidia na hayo.

Mtu atasema, kwani kulowa ni nini, si utakauka? Mjini ndiyo. Ukilowa Dar es Salaam mwezi wa nne unapanda daladala, kufika Ubungo umeshakauka au umezoea. Mlimani hesabu ni nyingine. Kila unapopanda mita 1,000, joto linashuka kwa nyuzi karibu 6. Na maji yanaondoa joto mwilini haraka sana kuliko hewa, zaidi ya mara 20. Pamba, ambayo ndiyo fulana zetu nyingi, inanyonya maji na kuyashikilia. Begi la kulalia linakupa joto kwa sababu ya hewa iliyojificha ndani ya manyoya au nyuzi zake, na likilowa vile vijazio vinalaliana, hewa inatoka, unabaki umejifunika kitambaa kizito cha baridi. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 tunazungumzia hatari ya maisha. Dalili ni zilezile mwongozaji alizokuwa anazitafuta asubuhi ile: kutetemeka, kujikwaa, kuburuza maneno. Na hatari hiyo haisubiri theluji. Inaweza kukukuta hata kwenye nyuzi 10, ukiwa umelowa na umechoka na upepo unapiga.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nione aibu zaidi. Kati yetu 14, mabegi 10 yalibebwa na wapagazi, wale wanaojiita wenyewe wagumu. Wanne tulibeba wenyewe ili kupunguza gharama, na yule dada alikuwa mmoja wetu. Mabegi yaliyobebwa na wagumu yalifika makavu, yote 10. Mvua ni ileile, njia ni ileile.

Nilimfuata mmoja wao, mtu mzima, nikamwuliza, "Mzee, nyie mmefanyaje?" Akanionyesha. Begi la mteja linaingia kwenye nailoni nene, nailoni inafungwa, halafu vyote vinaingia kwenye kiroba ndipo vinabebwa. Kiroba ni cha kuzuia miiba na mawe, nailoni ndiyo ya maji. Nguo zake mwenyewe alikuwa amezifunga kwenye nailoni nyingine ndogo, kafundo kamoja, ndani ya begi lililochanika mfuko wa mbele. Begi lake halikuwa na kava. Akaniambia, "Mwanangu, nje acha ilowe. Wewe linda cha ndani."

Ndiyo hoja yangu yote hiyo. Begi litalowa. Usipoteze hela kupigana na hilo. Weka ukuta wa maji ndani, kati ya begi na vitu vyako.

Na ukuta wenyewe tunao nyumbani. Wengi wetu tumetoka kwenye familia zinazolima. Mnaijua ile mifuko ya kuhifadhia mahindi bila dawa, yenye matabaka matatu: kiroba nje, na nailoni mbili nene ndani. Ujuzi ule ulianzia kwenye kunde za wakulima wa Kameruni miaka ya 1980, na siku hizi maduka ya pembejeo yanauza mifuko hiyo hadi vijijini kwetu. Inafanya kazi kwa sababu hewa haipiti, wadudu wanakosa pumzi. Nailoni isiyopitisha hewa, maji yatapitia wapi? Nailoni ya ndani ya mfuko mmoja wa kilo 100 ni ndefu, ni nene, na inameza vitu vya begi zima la mgongoni na kubakiza sehemu kubwa ya kukunja. Mama akishamaliza msimu na kiroba cha nje kikachanika, ile nailoni mara nyingi inakuwa bado nzima. Ukikosa hiyo, ile mifuko mikubwa mizito ya kuwekea taka inafaa, ilimradi mipya na usichukue ile myepesi inayochanika kwa ukucha.

Namna ya kufanya ni hii. Kwanza ipime nailoni: ipulize hewa, ikunje mdomo, ibane kifuani, usikilize kama inavuja. Itandaze ndani ya begi tupu mpaka mdomo wake utokeze juu. Begi la kulalia linatangulia chini. Kisha nguo za usiku: seti moja, suruali, fulana, soksi, sweta. Hiyo seti ni mwiko kuivaa mchana, hata ukilowa vipi. Utavaa nguo mbichi asubuhi na utachukia, lakini jioni utakuwa na kikavu cha kuvaa. Juu yake vitu vingine vinavyotakiwa kuwa vikavu. Ukimaliza, kandamiza hewa itoke, usokote mdomo wa nailoni kama unavyosokota mdomo wa gunia, ukunje ule msokoto kwenda chini, uufunge kwa kamba au mpira. Usipige fundo la kufa, maana utafungua jioni na vidole vya baridi.

Vitu unavyohitaji njiani, yaani koti la mvua, maji, biskuti, vinakaa juu ya nailoni au kwenye mifuko ya nje. Ukifungua begi mvuani, cha ndani hakiguswi. Koti likilowa halirudi ndani ya nailoni, linafungwa nje. Simu, kitambulisho na hela viwe kwenye kafuko kadogo ka peke yake, mara mbili. Basi. Nailoni moja, kamba moja, na dakika 10.

Najua swali linalokuja: mbona plastiki imepigwa marufuku? Ndiyo, tangu Juni 1, 2019, ile mifuko ya kubebea bidhaa, ambayo wakubwa wetu waliiita Rambo, imepigwa marufuku Tanzania, na mimi nakubaliana na hatua hiyo. Mitaro yetu ilikuwa inajua shida yake. Lakini marufuku ile ililenga mifuko ya kubebea. Vifungashio vya kilimo, vya afya, vya viwandani na vya kuhifadhia taka viliachwa, kwa sababu kazi yake ni nyingine. Mfuko wa nafaka uliokaa na mahindi msimu mzima, ukaja kupanda mlima mara tano, siufananishi na kijifuko cha nyanya kilichotumika dakika 20 kikaishia mtaroni. Sharti langu ni moja: ukipanda nayo unashuka nayo, hata ikichanika. Tena wakati tukilizungumzia hilo, ile mifuko mbadala ya kitambaa laini tunayopewa madukani msijidanganye nayo. Maji yanapita kama kwenye chujio. Mmoja wetu alifunga nguo zake humo akidhani amefunga kwenye mfuko, akakuta zimelowa zote.

Wengine wataniambia, kanunue begi lisilopitisha maji kabisa, yapo. Yapo kweli, yale ya kukunja mdomo, na mwenye nayo ayatumie. Ila bei yake kwa mwanafunzi anayesubiri bumu ni mzaha. Na hapa ndipo ninapotofautiana na kamati kwa dhati. Orodha yetu ya vifaa inazungumza kama duka. Kila kitu ni nunua. Mwanafunzi anayeisoma pale ubaoni akiona vitu 17 vya kununua, anahitimisha kwamba mlima ni wa watalii na watoto wa wenye nazo, anageuka anaenda zake. Aliyejitutumua akanunua anadhani amenunua usalama. Wote wawili tumewadanganya. Yule dada alitimiza orodha kwa asilimia mia moja. Wagumu wasingetimiza hata nusu yake, na vitu vyao vilifika vikavu.

Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kila siku kwamba mwanafunzi hajui jambo mpaka alifanye kwa mikono yake. Tunaandika kwenye andalio la somo, "zana", halafu "shughuli za mwanafunzi". Orodha ya kamati ina zana tupu. Shughuli haipo. Hakuna aliyewahi kutuambia tufungashe begi mbele yake, tulimwagie maji, tufungue tuone. Kama lingefanyika hilo pale hosteli, jibu langu la kijinga kwa yule dada lingeumbuka ndani ya nusu saa, na yeye angefika mbali zaidi ya Mandara.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa kamati, na nayaandika hapa ili yasiishie kwenye kikao. Moja, futeni lile neno "LAZIMA" mbele ya kava. Mwenye kava alivae, linasaidia begi lisinyonye maji mengi na kuwa zito, na uzito ni jambo la kuangalia. Asiye nalo asizuiwe kusafiri. Mbili, mahali pake andikeni: "Nailoni nene ya ndani, na seti moja kavu ya usiku." Tatu, Jumamosi moja kabla ya safari kila msafiri aje na begi lake limefungashwa kamili, tuyapange pale kwenye bomba la nyuma ya hosteli, kila begi limwagiwe ndoo mbili za maji, moja kwa mbele na moja upande wa mgongo. Kisha lifunguliwe hadharani. Kilicholowa kionekane kimelowa, hapahapa, ambapo kamba ya kuanikia ipo na jua lipo.

Na tusiishie kwa wapanda mlima. Wenzangu wa ualimu tunaokwenda mazoezi ya kufundisha wakati wa masika, mnajua hali ya kukaa nyuma ya bodaboda kilomita 15 za matope, mgongoni una kompyuta mpakato ya kuazima, azimio la kazi na mitihani ya wanafunzi uliyokesha kuisahihisha. Wengi tumefika shuleni na karatasi zilizogandana kama chapati. Mtihani wa mtoto wa watu ukilowa hauna nakala. Nailoni ileile, mkunjo uleule.

Yule dada ameandika jina lake tena mwaka huu. Nilipoliona kwenye orodha nilimtafuta, nikamwomba radhi vizuri, maana mwaka jana niliomba radhi ya juujuu tu. Akanijibu kwamba ameshaleta nailoni kutoka kwao, ya mahindi, na ameshaijaribu bafuni mara mbili. Kisha akaniuliza kama mimi nimeshapata yangu.

Nilikuwa sijapata. Nimeipata juzi. Kamati ikikubali hiyo Jumamosi, ndoo nitaleta mimi, na begi la kwanza kumwagiwa liwe langu.